Mirija Kumi na Mmoja

Damu imefika kwa basi la usiku
ndani ya kisanduku cha barafu kilichofungwa kamba
pamoja na madumu ya maziwa ya ngamia.
Utingo akauliza, ni samaki?
Kisha akajicheka: nani apeleke samaki Mombasa?

Mirija kumi na mmoja. Mmoja umepasuka njiani,
barafu imeiva wekundu.
Daktari Galgalo ameandika kwa kalamu inayovuja:
Choroa dume, mzima.
Choroa jike, ana mimba.
Choroa jike, siku tisa mbali na kisima.

Hapa Kizingo ni saa mbili asubuhi
na shati limekwisha kunigandia mgongoni.
Hewa inanyweka,
ila mfereji wa maabara unakohoa tu.
Katana ametoka kumtafuta mwenye mkokoteni,
madumu mawili, tuoshee vyombo.

Nazungusha. Dakika kumi.
Chembe zinazama, maji ya damu yanabaki juu,
rangi ya chai kavu iliyotiwa ndimu.

Kisha tarakimu.
Yurea juu. Sodiamu juu. Protini juu.
Mashine, iliyofunzwa binadamu peke yake,
inatia nyota kila mstari: hatari, hatari.
Ingekuwa damu ya mtu ningepiga simu wodini
kabla karatasi haijatoka yote.
Lakini yule jike wa siku tisa,
sindano ilipochomolewa, aliinuka,
akakung'uta vumbi.
*Akaenda zake*, ameandika Galgalo pembeni,
na wino umevujia hapo.

Nimesoma habari zake.
Hana pupa ya jasho. Mchana huuacha mwili upande,
arubaini na mbili, na zaidi,
homa ya kutulaza sisi chali,
kisha usiku humrudishia baridi deni lake.
Pumzi ya puani huipoza damu
kabla haijapanda kwenye ubongo.
Na yurea, hii tunayoiita taka,
haachi yote imtoke:
huirudisha tumboni kwa njia ya mate,
vijidudu vikaipika ikawa chakula.
Sisi tukitupa jongoo twatupa na mti wake.
Yeye hurudi kuuokota mti.

Mama yangu anaitwa Nyamvula.
Alizaliwa Matuga, siku ya nne ya mvua
iliyobomoa jiko la bibi.
Sasa fungu lake ni vikombe vitatu kwa siku,
kikombe cha plastiki, mstari nimeuchora mimi.
Jumanne na Ijumaa damu yake hutoka,
huoshwa, hurudi mwilini ikiwa baridi,
naye huomba leso ya pili.
Madafu ni marufuku, kwa ajili ya potasiamu.
Ana minazi sita uani.
Juzi nimemkuta na dafu mkononi,
analitikisa karibu na sikio.
Mama!
"Nasikiliza tu," akasema.
"Kusikiliza nako kumekatazwa?"

Yurea yake ya Ijumaa na ya yule jike
zimepishana kwa nukta.
Nimezipima mara mbili, nikabadilisha dawa, nikapima tena.
Mmoja yuko Wajir, anatembea.
Mwingine hushika ukuta kufika mlangoni.

Kwenye fomu kuna safu: *kiwango cha kawaida*.
Kwa choroa iko tupu.
Nimekaa nayo hadi adhuhuri,
kisha nikajaza kwa penseli, mstari wa kwanza,
tarakimu zake zote, bila nyota.

Jioni mama akapiga.
Kikombe cha tatu hajakigusa.
"Nakiweka mpaka usiku," akasema,
"joto likishuka huwa kikubwa zaidi."
Sikumwambia neno juu ya choroa.
Nyuma yangu Katana akapiga ukelele:
mfereji ulitema kutu, ukatema upepo,
kisha maji, membamba, ya chumvi kidogo,
nasi tukakimbilia ndoo.